Jua letu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitoa darubini yangu nje, mara Forodhani, mara kwenye viwanja vya skuli za Unguja na Pemba nikialikwa. Watu hutazama, kisha huuliza, na maswali mengi ni yale yale: ya watoto, ya wavuvi, ya kinamama wa mwani, ya vijana waliopokea ujumbe wa kutisha kwenye simu. Nimeyakusanya hapa. Kila jibu linajitosheleza. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine, nimekuelekeza huko. Nyuzijoto zote ni za Selsiasi.

## Jua lenyewe

Jua ni moto?

Si moto wa kuni wala wa gesi. Moto wa jikoni hula oksijeni na kuacha majivu, na jua lingekuwa rundo la makaa lingekuwa limezimika zamani sana. Jua ni tufe la gesi, zaidi haidrojeni, kisha heliamu, lililojibana kwa uzito wake lenyewe. Katikati yake joto hufika nyuzi milioni 15, na humo viini vya haidrojeni hugongana vikaungana kuwa heliamu. Kila sekunde jua hutumia kiasi cha tani milioni 600 za haidrojeni, na tani milioni 4 katika hizo hugeuka nishati. Limekuwa na kazi hiyo kwa miaka bilioni 4.6, na akiba yake inatosha kwa miaka bilioni 5 hivi mingine.

Uso tunaouona una nyuzi 5,500 tu. Nasema "tu" kwa sababu ukipanda juu ya uso huo mambo yanageuka, kama utakavyosoma kwenye swali la korona, anga ya nje ya jua.

Liko mbali kiasi gani, na mmejuaje?

Kilomita milioni 150, kwa wastani. Nuru yake hutumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia.

Sehemu ya hesabu hii unaweza kuifanya mwenyewe chini ya banda la makuti. Keti mchana jua likiwa juu, utazame sakafuni. Utaona vijiduara vya mwanga vimetawanyika kama sarafu. Tazama sasa matundu ya paa yanayovileta: moja ni mpasuko, jingine lina pembe tatu, jingine halina umbo la kutajika. Lakini chini yote yanatoa duara, kwa sababu kila kijiduara ni picha ya jua. Chukua rula. Tundu likiwa dogo na paa likiwa mita 3 juu ya sakafu, kijiduara kitakuwa na upana wa karibu sentimita 2.8. Gawanya 300 kwa 2.8, unapata 107. Maana yake ni kwamba jua liko mbali nasi mara 107 ya upana wake. Nimewafanyisha wanafunzi wa darasa la sita jambo hili kwa uzi na rula, na sijawahi kuona kundi lisilonyamaza pale jibu linapotokea.

Rula haikupi kilomita zenyewe. Hizo zilipatikana kwa kupima umbali wa sayari ya Zuhura, kwanza ilipokuwa ikipita mbele ya jua, kisha mwaka 1961 kwa kuirushia mawimbi ya rada na kusubiri mwangwi. Upana wa jua ni kilomita milioni 1.39, dunia 109 zikipangwa mstari ndipo zinalivuka.

Nilitazameje bila kuharibu macho?

Kwa macho matupu, usilitazame. Sehemu ya jicho inayoungua ndani haina maumivu, kwa hiyo hutajua kwamba umeumia hadi baadaye. Miwani ya jua ya kawaida, filamu za eksirei, CD na kioo kilichopakwa masizi havifai. Inayofaa ni miwani maalumu yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Na usiivae miwani hiyo ukachungulia kwenye darubini, kwani itaungua pamoja na jicho lako.

Mimi hupendelea kuangusha picha ya jua kwenye karatasi nyeupe nyuma ya darubini, watu wote wakaiona pamoja. Hata hivyo, usiiache darubini peke yake. Siku moja Chwaka niligeuka kumsalimia mzee aliyekuja, na salamu zetu mnazijua urefu wake. Nikasikia harufu ya plastiki. Jua lilikuwa limesogea, miale ikaangukia ukingo wa lenzi ya kutazamia, nao ulikuwa umebonyea kama nta. Watoto watatu walikuwa wamesimama hatua mbili kutoka hapo. Tangu siku ile kama sipo, kifuniko kiko mbele ya lenzi, hata kama ni kwa nusu dakika.

Yale madoa meusi kwenye jua ni nini?

Ni mahali ambapo nguvu ya sumaku imetoka ndani ya jua kwa wingi ikazuia joto lisipande juu. Doa lina nyuzi kama 3,500 hadi 4,000, huku pembeni yake ni 5,500, ndiyo maana linaonekana jeusi. Ungeweza kulichomoa ukaliweka peke yake angani usiku, lingewaka kuliko mwezi mpevu. George Ellery Hale wa Marekani alithibitisha sumaku hiyo mwaka 1908.

Madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa karibu miaka 11. Aliyegundua hilo, Heinrich Schwabe, alikuwa mfamasia wa Ujerumani aliyeyachora madoa siku baada ya siku kwa miaka 17 kabla ya kutangaza mwaka 1843. Mzunguko tulio nao unahesabiwa kuwa wa 25. Ulianza Disemba 2019, na mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba jua limefika kileleni mwa pilikapilika zake.

## Jua na visiwa vyetu

Ni kweli kuna siku vitu havina kivuli?

Kweli, tena mara mbili kwa mwaka. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, na jua likienda kusini na kurudi kaskazini hupita juu ya vichwa vyetu. Mjini Unguja ni tarehe 4 au 5 Machi, kisha 8 au 9 Oktoba. Chake Chake ni karibu na tarehe 7 Machi na 6 Oktoba. Simamisha mchi wima uwanjani: Machi saa 6:35 mchana, Oktoba saa 6:11. Kivuli kitajikusanya chini ya mchi hadi kisionekane, na kisima kilichonyooka kitawaka hadi chini kwenye maji. Hilo ndilo jua la utosini. Watu wa Ulaya hawalipati maishani mwao wakiwa kwao, na sisi tunalipita tukiwa tumekimbilia kivulini.

Kwa nini wakati wa Adhuhuri haukai saa moja mwaka mzima?

Swali hili huulizwa na wazee, na ni zuri kuliko mengi ya vitabuni. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Saa zetu za ukutani zinafuata nyuzi 45 za longitudo ya mashariki, na Unguja iko nyuzi 39 na kidogo. Jua hutumia dakika 4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo hutufikia dakika 23 baada ya saa 6 kamili, na Pemba hututangulia kwa dakika kama mbili.

Lakini hata hizo dakika 23 ni wastani. Mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka karibu saa 6:07, na katikati ya Februari karibu saa 6:37. Nusu saa nzima hiyo inatoka kwenye mambo mawili: dunia imeinama, na njia yake kuzunguka jua si duara kamili, hivyo kuna miezi huenda mbio na miezi hujivuta. Kalenda ya sala iliyobandikwa msikitini kwako ni jedwali la elimu ya anga. Isome kwa jicho hilo mwaka mzima, utaona dunia ikienda mwendo wake.

Kipupwe huja kwa sababu dunia iko mbali na jua?

Kila Julai ujumbe huu huzunguka, ukionya kuhusu mafua na baridi ya ajabu. Ni kweli kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali zaidi, kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari huwa karibu zaidi, milioni 147. Tofauti hiyo hupunguza nuru kwa karibu asilimia 7. Lakini imekuwa hivyo kila mwaka tangu mababu, na wenzetu wa kaskazini mwa dunia mwezi huo huo wanaungua kwa joto. Kipupwe chetu kinatokana hasa na jua kuwa limekwenda kaskazini na kusi kuvuma kutoka upande wa baridi.

Bamvua linahusiana na jua au na mwezi?

Yote mawili. Mwezi huvuta zaidi, na nguvu ya jua katika kupandisha maji ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi. Jua ni zito mno kuliko mwezi, ila liko mbali mara 390, na katika mambo ya maji umbali hupunguza nguvu haraka sana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwenye mstari mmoja, tukapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana pembeni, tukapata maji mafu. Kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani wanajua pia kwamba mabamvua ya Machi na Septemba hutoka mbali zaidi: miezi hiyo jua liko juu ya ikweta, na mvuto wake unakaa sawasawa na huu ukanda wetu.

Kupatwa kwa jua kutaonekana lini?

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote kwenye ukanda unaoanzia baharini karibu na Hispania, ukapita Afrika Kaskazini, Misri, Saudi Arabia, Yemen hadi Somalia. Makkah itakuwa gizani mchana kwa zaidi ya dakika 5, na Luxor kwa zaidi ya dakika 6. Sisi tutaliona limemegwa tu. Mei 21, 2031 kupatwa kwa pete kutapita Tanzania Bara.

Wengi mnaikumbuka ile ya Septemba 1, 2016, iliyotoa pete kamili Mbarali huko Mbeya. Hapa lilibaki hilali. Nilikuwa chini ya mwembe, na ule mwanga unaopenya majani ukaacha kuwa vijiduara. Ardhi nzima ilijaa hilali ndogo ndogo, mamia kwa mamia, zote zimeelekea upande mmoja, na kanzu ya jirani yangu ilikuwa imetapakaa hilali kama kitambaa kilichopigwa chapa. Miaka elfu moja nyuma Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya jambo hilo hilo, umbo la jua lililopatwa likipita kwenye tundu dogo.

Kulichunguza jua si kuingilia mambo ya Mwenyezi Mungu?

Mimi si sheikh, na wa kujibu haya wapo. Nitasema anachofundishwa kila mtoto wa madrasa. Siku alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akawaambia kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Akasali na akawaamuru watu wasali. Siku ya kupatwa, mimi huisali kwanza sala ya kusufu msikitini, kisha nikatoka na karatasi yangu nyeupe.

## Dhoruba za jua

Dhoruba ya jua ni nini hasa?

Nguvu za sumaku juu ya madoa zikijisokota kupita kiasi hukatika na kujiunga upya kwa ghafla. Kinachotoka ni vitu viwili, na watu huvichanganya. Kwanza ni mmweko wa miale mikali, unaosafiri kwa mwendo wa nuru na kutufikia baada ya dakika 8. Pili, mara nyingine, ni wingu zito la gesi yenye chaji na sumaku yake, mabilioni ya tani, ambalo huchukua siku moja hadi tatu kufika. Hilo la pili ndilo linaloitikisa sumaku ya dunia.

Mei 10, 2024 mawingu kadhaa kama hayo yalifuatana na kutupiga kwa pamoja, ikawa dhoruba ya daraja la juu kabisa, ya kwanza ya aina hiyo tangu Oktoba 2003. Yalitoka kwenye kundi la madoa lenye upana wa zaidi ya mara 15 wa dunia. Nililiangusha kwenye karatasi siku hizo. Lilikuwa kama tone la wino lililodondokea karatasi mbichi. Kwa miwani maalumu lilionekana hata bila darubini.

Mbona hatukuziona zile rangi angani?

Zile rangi, aurora, huwaka pale chembe zinapoelekezwa na sumaku ya dunia kuelekea nchani. Mei 2024 zilishuka hadi nchi ambazo hazijazizoea, lakini sisi tuko mbali mno na ncha zote mbili. Picha zilizosambazwa zikidai ni za hapa hazikuwa za hapa. Sisi athari yetu ni ya aina nyingine, nayo iko kwenye jibu la GPS.

Nimepokea ujumbe kwamba usiku wa leo nizime simu, miale ya kosmiki itapita karibu na dunia. Ni kweli?

Si kweli. Ujumbe huu ni ule ule kila mwaka, hubadilishwa tarehe tu. Miale ya kosmiki haina usiku wake maalumu. Inashuka kila siku, na mabaki yake hupita katika kila sentimita ya mraba ya mwili wako karibu mara moja kwa dakika, tangu ulipozaliwa. Kuzima simu hakuizidishi wala hakuipunguzi. Mtu akikutumia, usimkejeli, hasa akiwa mzee wako. Amekutumia kwa sababu anakupenda. Mjibu kwa upole, na umwombe asiupeleke mbele.

Sisi wavuvi wakati mwingine GPS hututupa usiku. Jua linahusika?

Huenda likahusika, na hili ndilo jambo ambalo wanasayansi wanalichunguza sana katika ukanda wetu. Juu ya hewa tunayovuta, kuanzia kilomita 80 hivi hadi mamia ya kilomita, kuna tabaka lililotiwa chaji na miale ya jua, ionosfia. Mawimbi ya GPS hupita humo. Kwenye pande mbili za ikweta ya sumaku, ambayo katika Afrika Mashariki hupita Ethiopia, chaji hurundikana na kufanya matuta mawili, moja kaskazini na moja kusini. Unguja na Pemba ziko karibu na tuta la kusini.

Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka hilo hupungua haraka na mapovu matupu huanza kupanda ndani yake, kama hewa inavyopanda kwenye uji mzito unaochemka. Wimbi la setilaiti likipita kwenye mapovu hayo huchezacheza, vile taa ya karabai inavyochezacheza ukiitazama kutoka chini ya maji. Kifaa hupoteza baadhi ya setilaiti au hukosea kwa mita chache hadi makumi ya mita. Saa za hatari ni saa 2 usiku hadi usiku wa manane, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, na zaidi katika miaka ambayo jua lina madoa mengi.

Kwa mtu aliye katikati ya mkondo wa Pemba mita 30 si neno. Kwa anayeingia kwenye mlango wa mwamba usiku, ni ngalawa nzima. Kwa hiyo nasema wazi: dira isitoke chomboni, na alama za pwani ulizofundishwa na baba yako zisisahauliwe. Betri dhaifu na antena iliyoingia chumvi nazo huleta matatizo kama hayo. Zikague kwanza kabla ya kulilaumu jua.

Ile miezi mitatu ya giza Unguja, Disemba 2009 hadi Machi 2010, ilikuwa dhoruba ya jua?

Hapana. Ilikuwa hitilafu ya njia ya umeme itokayo bara chini ya bahari. Na wakati ule jua lilikuwa limetulia kupita kawaida: mwaka 2009 ulikuwa na zaidi ya siku 250 bila doa hata moja.

Dhoruba za jua huweza kuzima umeme kwa kuingiza mikondo kwenye nyaya ndefu. Machi 1989 jimbo la Quebec, Kanada, lilizimika kwa karibu saa 9, watu milioni 6 wakiwa gizani. Lakini hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye nchi zilizo karibu na ncha na zenye nyaya za mamia ya kilomita. Waya wetu kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ni mfupi kwa kipimo hicho.

Na intaneti ya dunia nzima inaweza kufa?

Yote kwa mara moja, sidhani. Nyuzi za kioo hubeba mwanga, na mwanga haujali sumaku. Kinachowatia wahandisi wasiwasi ni vikuza nguvu vilivyo ndani ya nyaya ndefu za baharini, vinavyotumia umeme, pamoja na setilaiti. Februari 2022 dhoruba ndogo tu iliipasha joto hewa ya juu ikavimba, na setilaiti karibu 40 kati ya 49 za intaneti za Starlink zilizokuwa ndiyo kwanza zimerushwa zikavutwa chini zikaungua. Dhoruba kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwa makini ni ya Septemba 1859, ambapo mitambo ya telegrafu, simu za waya za enzi hizo, ilitoa cheche. Ikija kama ile sasa, madhara yatakuwa makubwa, ndiyo maana kuna vyombo angani vinavyolinda zamu usiku na mchana.

Madoa yakiwa mengi, sola yangu itatoa umeme zaidi?

Hutaona tofauti. Nuru yote ya jua hubadilika kwa karibu asilimia 0.1 tu katika mzunguko mzima wa miaka 11. Futa vumbi na chumvi kwenye paneli, utapata zaidi ya hapo.

Basi joto la dunia linaloongezeka linatoka kwenye jua?

Hapana, na ushahidi ni hiyo asilimia 0.1. Setilaiti zimekuwa zikipima nuru ya jua tangu 1978. Nuru hiyo imepanda na kushuka na mizunguko yake bila kuongezeka, huku joto la dunia likizidi kupanda. Sababu ni gesi zinazotoka kwenye mafuta na makaa tunayochoma. Kisiwa kinacholiwa na bahari hakipaswi kupewa jibu jingine.

## Utafiti wa miaka hii

Chombo kimegusaje jua bila kuyeyuka?

Chombo hicho kinaitwa Parker Solar Probe, cha Marekani, kilirushwa Agosti 2018. Jina ni la Eugene Parker, ambaye mwaka 1958 alisema jua hupeperusha upepo wa chembe pande zote na wengi hawakumwamini. Aliishi akaona chombo chenye jina lake kikirushwa. Aprili 2021 kiliingia ndani ya korona, anga ya nje ya jua, na Disemba 24, 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso, kikienda kilomita 692,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Unguja hadi Chake Chake ni chini ya sekunde moja.

Korona ina nyuzi zaidi ya milioni moja, lakini chembe zake zimetawanyika mno. Tazama fundi wa kuchomelea vyuma: cheche zinazomrukia mkononi zina zaidi ya nyuzi elfu moja, na hazimuunguzi kama kikombe cha chai kitakachomwagika. Cheche ni kali lakini ni kidogo. Joto kubwa zaidi kwa chombo ni la nuru yenyewe, na hilo huzuiwa na ngao ya kaboni yenye unene wa sentimita 11.4, chombo kikijificha kivulini mwake.

Kwa nini korona ina joto kuliko uso wa jua?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu bado halijafungwa. Moto uko chini, na ukipanda juu joto linazidi, kutoka nyuzi 5,500 hadi zaidi ya milioni. Tangu miaka ya 1940, pale Bengt Edlén wa Sweden alipoonyesha kwamba mwanga wa kijani wa korona hutolewa na chuma kilichonyang'anywa nusu ya elektroni zake, jambo linalohitaji joto la kutisha, wanafizikia hawajalala.

Kuna pande mbili. Wapo wanaosema mawimbi hupanda kwenye nyuzi za sumaku na kumwaga nishati yake huko juu. Wapo, Parker mwenyewe akiwa mmoja wao, waliosema ni milipuko midogo midogo isiyohesabika. Solar Orbiter, chombo cha Ulaya kilichorushwa Februari 2020, mara tu kilipoanza kazi kiliona vimimweko vingi vidogo ambavyo havikuwahi kuonekana, vikaitwa mioto ya kambi. Nayo darubini ya Daniel K. Inouye huko Hawaii, yenye kioo cha mita 4, imewawezesha watafiti kuona mawimbi madogo ya sumaku yanayojisokota, matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2025. Kwa maoni yangu pande zote mbili zitakuwa na haki yake, na kazi iliyobaki ni kupima nani anachangia kiasi gani.

Kuna lipi jingine jipya?

Solar Orbiter imeinua njia yake, na Juni 2025 dunia ilioneshwa kwa mara ya kwanza picha za ncha ya kusini ya jua zilizopigwa kutoka nje ya usawa ambao dunia hulizungukia jua. Huko ndiko sumaku ya jua hugeuka kila miaka 11, kaskazini ikawa kusini. India imetuma Aditya-L1, iliyofika kituoni pake Januari 2024. Na Proba-3 ya Ulaya, iliyorushwa kutoka India Disemba 2024, ni setilaiti mbili zinazoruka zikiachana mita 150, moja ikiiwekea nyingine kivuli: kupatwa kwa jua kwa kutengenezwa, kwa saa kadhaa kila mara.

Ni kweli kuna chembe za jua zinazotupenya mwilini?

Kweli. Nyutrino hutoka katikati kabisa ya jua, karibu bilioni 65 hupita kwenye ukucha wa kidole gumba kila sekunde, na usiku huja kutoka chini, zikiwa zimeivuka dunia nzima. Hazidhuru. Mwaka 2020 kituo cha Borexino, chini ya mlima nchini Italia, kilizitumia kuthibitisha njia ya pili ambayo jua hutengenezea heliamu.

## Mbali na jua

Jua letu litageuka shimo jeusi?

Halina uzito wa kutosha. Baada ya miaka bilioni 5 hivi litavimba liwe jitu jekundu, kisha libaki kaa dogo jeupe linalopoa. Mashimo meusi hutokana na nyota nzito mara nyingi zaidi. Lililo kubwa katika galaksi yetu lina uzito wa jua milioni 4, na picha yake ilitolewa Mei 12, 2022. Ukitaka kujua liko wapi, toka nje usiku wa kipupwe, utafute kundinyota la Nge, kisha tazama kaskazini kidogo ya ncha ya mkia wake.

Pwani yetu imewahi kushiriki katika mambo haya?

Imeshiriki, na inaniuma kwamba watoto hawafundishwi. Tunguu palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Marekani vya mpango wa Mercury, wa kupeleka watu angani. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962, kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vilivyomsikiliza. Kilifungwa 1964. Na Disemba 12, 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi ya Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyoundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Ilirushwa siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo kikali cha eksirei angani, vilisaidia kuwaaminisha wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Neno la Kiswahili limo katika historia ya astrofizikia tangu siku hiyo.

## Kwa wanaotaka kuingia

Binti yangu anapenda mambo haya. Aanzie wapi?

Skulini asiache hisabati na fizikia, na ajifunze kuandika programu za kompyuta mapema, kwa kuwa watafiti wa jua siku hizi hukaa mbele ya data kuliko mbele ya darubini. Picha za SDO, setilaiti ya Marekani inayolitazama jua, ziko wazi kwenye intaneti bila malipo, zinaongezeka kila siku tangu 2010. Kizuizi kikubwa nilichokiona ni lugha, si akili. Nimekaa na wasichana wa Wete walioielewa ionosfia kwa Kiswahili katika kipindi kimoja, baada ya kuikariri kwa Kiingereza muhula mzima.

Anaweza kufanya utafiti wa kweli hapa hapa, bila vifaa vya gharama?

Anaweza kuhesabu madoa. Kituo cha Brussels, Ubelgiji, hukusanya hesabu za watu wa nchi mbalimbali, wataalamu na wasio wataalamu. Hesabu yenyewe ni ya Rudolf Wolf, ya karne ya 19: hesabu makundi ya madoa, zidisha kwa 10, kisha jumlisha na madoa yote moja moja. Inatosha darubini ndogo, karatasi nyeupe iliyobanwa kwenye ubao, penseli, na mtu mzima wa kusimamia (rejea jibu la macho hapo juu). Achore kila siku saa ile ile, ikiwezekana asubuhi kabla hewa haijapata joto, na siku ya mawingu aandike "mawingu". Asikisie.

Mwanafunzi mmoja wa Pemba alinionesha daftari lake, kurasa zimelainika kwa jasho la mikono. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na duara lililochorwa kwa kifuniko cha kopo, nukta ndani yake, na chini yake mstari mmoja: "Saa 2:40 asubuhi. Upepo kidogo. Makundi 4, madoa 17. Jumla 57."